BUSTANI YA NYUMBANI: Debe Kuukuu Lisitupwe

Nyuma ya nyumba nyingi, za mjini na za shambani, iko pembe moja ambayo mgeni haonyeshwi. Hapo hukaa debe lililotoboka, sufuria iliyoungua chini, karai lililopasuka ukingo, birika lisilo na mdomo, na tairi lililokwisha meno. Vitu hivi havitupwi, kwa kuwa vilinunuliwa kwa fedha. Wala havitumiki, kwa kuwa vimeharibika. Mvua ikinyesha hujaa maji, na ndani ya maji hayo mbu huzaliana.

Jambo hili si dogo. Mbu aitwaye Aedes, aenezaye ugonjwa wa dengi na wa chikungunya, hupenda kutaga katika vyombo vilivyo karibu na makao ya watu. Mombasa ilipatwa na dengi mwaka 2013, na tena na chikungunya kuanzia mwisho wa mwaka 2017 hadi mwaka 2018. Penye joto, yai huwa mbu kamili kwa muda wa siku saba hadi kumi hivi; na mayai yaliyogandamana na ubavu wa chombo huweza kukaa makavu miezi kadhaa, yakingoja mvua. Basi chombo kilicholala uani ama kiondolewe kabisa, ama kisuguliwe vizuri kwa brashi na kupewa kazi. Kazi iliyo njema ni kukifanya bustani.

Kwanza ni kutoboa. Debe liwekwe juu ya gogo, na msumari mnene upigwe kutoka ndani kwenda nje, ili meno ya bati yatokee nje na maji yasizuiwe. Matundu sita au manane yatosha kwa debe moja. Watu wengi hujaza kokoto chini wakidhani ya kuwa zitasaidia maji kutoka. Lakini sivyo, kwa maana maji husimama katika udongo ulio juu ya kokoto, na mizizi hupata nafasi ndogo zaidi. Kigae kimoja cha chungu juu ya kila tundu chatosha kuzuia udongo usimwagike. Kisha chombo kiinuliwe juu ya matofali mawili ili matundu yasizibwe.

Pili ni udongo. Udongo mtupu wa shambani hushikamana ndani ya debe ukawa kama tofali. Afadhali uchanganywe: makarai 3 ya udongo mwema wa juu, makarai 2 ya samadi iliyooza kabisa, na karai 1 la mchanga wa mtoni. Samadi mbichi huunguza mizizi. Udongo usifike ukingoni. Paachwe nafasi ya vidole viwili kwa ajili ya maji.

Tatu ni rangi. Kutu isuguliwe kwa msasa, na nje ya chombo papakwe rangi nyeupe au nyingine isiyokoza, kwa maana bati jeusi likipigwa na jua la mchana huchemsha mizizi. Atakaye mapambo achague rangi mbili au tatu tu, azirudie katika vyombo vyote. Hapo debe, birika na sufuria, ambavyo havikufanana kabisa, vitaonekana ndugu wa nyumba moja.

Maua ya kupanda si ya kutafuta mbali. Penye jua kali zinia, marigodi na vinka hustawi. Jeraniamu, ambalo asili yake ni Afrika ya Kusini, huvumilia ukavu likikatwa na kupandikizwa kwa vijiti. Penye kivuli cha baraza panafaa urujuani wa Afrika, ua ambalo kwao ni milima ya Usambara. Mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alipeleka mbegu zake Ulaya, na leo watu wa nchi nyingi hulitunza madirishani. Mimea mirefu iwekwe nyuma, mifupi mbele, na itambaayo ipandwe ukingoni ianguke na kuficha bati.

Wako wasemao ya kuwa maua hayaliwi, na ya kuwa kupanda katika debe bovu ni kutangaza umaskini. Hao na wajibiwe kwa mboga. Sukumawiki, dania na vitunguu vya majani hukua vyema kando ya marigodi. Katika mtaa wa Kibera, Nairobi, baada ya misukosuko ya mwaka 2008, jamaa nyingi zilipanda sukumawiki juu ya magunia yaliyojazwa udongo na katika matundu ya ubavuni, mahali ambapo hapakuwa na shamba hata la hatua tatu. Hakuna aliyewacheka wakati wa kula.

Hata hivyo mboga zina sharti lake. Zisipandwe kamwe katika mtungi uliotiwa dawa ya wadudu, wala katika kasha la betri ya gari, wala katika chombo chenye rangi ya zamani inayobanduka, kwa maana rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi. Sumu hiyo huharibu akili za watoto. Watu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliijua kwa uchungu kutokana na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Rangi ya namna hiyo isikwanguliwe kavu karibu na watoto. Chombo chenyewe kisichukuliwe.

Faida nyingine huonekana siku ya kuhama. Karani ahamishwaye kutoka mji hadi mji, na mpangaji ambaye mwenye nyumba amempa notisi, huacha nyuma kila alichopanda ardhini, hata kama amekimwagilia miaka mitano. Lakini debe hupandishwa katika lori pamoja na kitanda na meza, na mke na watoto wakifika pahali pageni hukuta mlangoni ua wanalolijua. Wahenga walinena, usiache mbachao kwa msala upitao.

Lililobaki ni utunzaji. Debe hukauka upesi kuliko shamba. Kidole kitiwe ndani ya udongo kila asubuhi, na ukiwa mkavu hadi kifundo cha pili, utiwe maji. Visahani vilivyo chini ya vyombo vimwagwe na kusuguliwa kila juma bila kukosa, ili mbu aliyefukuzwa mlango wa nyuma asirudi kwa mlango wa mbele.