Dada, kujiamini pekee hakukupi kiti cha bosi

"Ukitaka kuwa bosi, jiamini!" Ushauri huu umejaa mitandaoni, na kila semina ya akina dada lazima utausikia. Mwaka wa 2013, Sheryl Sandberg, wakati huo akiwa afisa wa ngazi ya juu Facebook, aliueneza kote duniani kupitia kitabu chake, Lean In. Si ushauri mbaya. Shida ni kwamba unamfanya dada aamini tatizo ni yeye. Akikosa kupandishwa cheo, eti hakuongea vya kutosha.

Hebu angalia ofisini kwenu. Nani huandika kumbukumbu za mkutano? Nani hutumwa kuagiza keki ya bosi? Na nani hupewa bajeti asimamie? Cheo hufuata bajeti, hakifuati keki.

Kwa hivyo dada, omba kazi inayohesabika. Ukiambiwa ukaimu wadhifa, itisha barua yenye tarehe na marupurupu. Uliza mwenzako wa kiume analipwa ngapi, maana Sheria ya Ajira ya 2007 inataka kazi za thamani sawa zilipwe sawa.

Nanyi mabosi, msijifiche nyuma ya semina. Katiba ya 2010 inasema jinsia moja isizidi thuluthi mbili katika nyadhifa za umma za kuchaguliwa au kuteuliwa. Miaka imepita, Bunge lenyewe bado halijatimiza. Hapo pia tuseme wanawake hawajiamini?