Asilimia sifuri kwa kidole kinachouma



Kifungu namba 5230 cha jedwali la ulemavu la Idara ya Wanajeshi wa Zamani ya Marekani, ile inayoitwa VA, kinasomeka kwa pumzi moja. Kinahusu kidole cha pete na kidole cha mwisho ambavyo havikunjiki au havinyooki sawasawa. Kiwango chake ni asilimia 0. Kidole kikakamae kidogo au kikakamae hata kisikaribie kiganja, kiwe cha mkono wa kulia au wa kushoto, jibu ni hilo hilo.

Kifungu kinachotangulia, 5229, kinahusu kidole cha shahada na cha kati. Hapo mpimaji hutoa rula. Askari akikunja kidole, na ncha ikabaki umbali wa inchi 1 au zaidi kutoka kwenye mkunjo wa kiganja, hupewa asilimia 10. Kidole gumba nacho kina madaraja yake: pengo la inchi 1 hadi 2 kati yake na vidole vingine ni asilimia 10, likizidi inchi 2 ni asilimia 20. Mtu anaweza kubishana na rula hiyo, lakini angalau ipo. Vidole viwili vya mwisho hata vikipimwa, hesabu haibadiliki.

Sheria inayosimamia jedwali hilo, katika kifungu cha 1155, inataka viwango vifuate jinsi jeraha linavyopunguza, kwa wastani, uwezo wa mtu kujipatia riziki. Kwa mujibu wa jedwali, basi, fundi ambaye kidole chake cha pete na cha mwisho havifungi hajapungukiwa na kitu. Aliyeamua hivyo huenda hajawahi kushika nyundo. Upande huo wa mkono husaidia sana kubana mpini wa shoka, wa spana na wa koleo. Gumba na shahada husaidia zaidi kuelekeza. Dereva wa lori anayefunga minyororo ya mzigo anaujua ukweli huo, na msaidizi wa wauguzi anayemgeuza mgonjwa kitandani anaujua pia.

Kwa wasomaji wa Kiswahili walioko Marekani, habari hii si ya watu wa mbali. Kuanzia mwaka 2009 jeshi la nchi hiyo liliwaandikisha wageni wenye ujuzi wa lugha zilizohitajika, Kiswahili kikiwamo, kwa ahadi ya uraia wa haraka, hadi mpango huo uliposimamishwa mwaka 2016. Wengine waliingia kwa njia ya kawaida, wakiwa na kadi za ukaazi. Kati yao wapo waliovua sare na sasa wanaishi kwa kazi za mikono.

Mtu aliyejaribu kupambana na sifuri hiyo hadi mahakamani yupo. Katika kesi ya Sowers dhidi ya McDonald, iliyoamuliwa mwaka 2016 na mahakama ya rufaa ya madai ya wanajeshi wa zamani, kidole kilichobishaniwa kilikuwa cha pete, cha mkono wa kulia, kilichovunjika. Hoja ilikuwa nyepesi kueleweka: kanuni ya 4.59 inasema kiungo kinachouma kikitumika kinastahili walau kiwango cha chini kabisa kinacholipwa. Mahakama ikajibu kwamba kiwango hicho hutafutwa ndani ya kifungu kinachohusika, na 5230 haina kiwango kinacholipwa. Askari akashindwa. Wala majaji hawakuwa na ruhusa ya kuuliza kama sifuri yenyewe ni ya haki, kwa sababu sheria inawakataza kulikagua jedwali.

Jedwali hilo linajichanganya pia. Kidole cha pete kikikatwa chote, ni asilimia 10 au 20, kutegemea mfupa wa kiganja umeguswa au la. Kidole cha pete na cha mwisho vikiganda vyote viwili, ni 10 au 20. Vikibaki vyote viwili, vikisogea nusu kwa maumivu, kila kimoja ni 0. Lakini daktari akiandika kwamba tatizo la kidole cha mwisho ni mshipa wa fahamu wa ulnar, dai linahamia kifungu cha 8516, ambako hata udhaifu mdogo ni asilimia 10. Ni mkono ule ule wa mtu yule yule. Kilichobadilika ni alichoandika mpimaji. Ndiyo maana askari mwenye ganzi au vidole vinavyowaka usiku anapaswa kulisema hilo waziwazi chumbani mwa mpimaji, asingoje kuulizwa.

Kusema, hata hivyo, ndiko kunakowashinda. Jeshini askari hufundishwa kujikaza. Kidole kikibanwa na mlango wa gari la deraya, hufungwa plasta na kazi ikaendelea. Miaka kumi baadaye VA inataka mambo matatu: ugonjwa uliopo sasa, tukio la wakati wa utumishi, na uhusiano kati ya hayo mawili. Faili la zahanati ya kambi halina kitu. Wakongwe wana msiba mkubwa zaidi: moto wa Julai 1973 katika hifadhi ya kumbukumbu za wanajeshi huko St. Louis uliteketeza mafaili kati ya milioni 16 na 18. Anayekosa karatasi bado anaweza kuleta ushahidi wa aliyekuwa naye siku hiyo, kwa fomu 21-10210, na idara inalazimika kuupima, si kuutupa.

Maumivu yanayokuja na kuondoka nayo hupotea kirahisi. Mpimaji humwona mtu kwa muda mfupi, pengine siku ambayo vidole vimetulia. Mwaka 2017, katika kesi ya Sharp dhidi ya Shulkin, mahakama iliamua kwamba mpimaji hawezi kunawa mikono eti hakumwona mgonjwa siku mbaya. Anapaswa kumuuliza na kukadiria. Wangapi wanaoingia chumbani humo wanaijua haki hiyo?

Pengo hilo la ujuzi limezaa biashara. Kuna kampuni zinazojitangaza kuandaa madai kisha zinamega malipo ya miezi kadhaa, ingawa sheria inakataza kutoza ada kwa kuandaa dai la kwanza. Adhabu ya jinai kwa kosa hilo iliondolewa mwaka 2006, na wajanja wakapata mlango. Vyama vya wanajeshi wa zamani kama American Legion na DAV vina wawakilishi walioidhinishwa wanaofanya kazi hiyo bure.

Asilimia 0 si bure kabisa, na anayeipata asiikatae. Inakiri kwamba jeraha ni la jeshini, inafungua matibabu ya jeraha hilo, na dai linaweza kurudishwa hali ikizidi. Mwenye sifuri mbili au zaidi za kudumu zinazomzuia waziwazi kufanya kazi anaweza kuomba asilimia 10 kwa kanuni ya 3.324, kama hana kiwango kingine kinacholipwa. Kwa viwango vya mwaka 2025, hiyo ilikuwa dola 175.51 kwa mwezi.

Sehemu ya mifupa na viungo ya jedwali ilifanyiwa marekebisho yaliyoanza kutumika Februari 2021, na 5230 ikaachwa ilivyo. Kwa kuwa mahakama hiyo ya wanajeshi wa zamani imefungwa mikono, mwenye kalamu ni waziri wa idara hiyo, na juu yake Bunge la Marekani. Wasomaji wenye kura huko wamwandikie mbunge wao jambo moja tu: kidole cha pete na cha mwisho vipimwe kwa rula ile ile ya kidole cha shahada, na vilipwe asilimia 10 ile ile.

Msomaji, Minnesota