Raha ya Ziwa kwa Mfuko wa Mkulima

Kila mwaka, mavuno ya maharage yakiisha, magunia yakiuzwa na ada za shule zikitengwa, huzuka katika nyumba nyingi za Kasanda, Kibondo na Kasulu swali ambalo aghalabu hujibiwa kwa haraka kupita kiasi: je, fedha kidogo iliyobaki yafaa kutumiwa kwa matembezi, au matembezi ni israfu isiyomstahili mtu anayeishi kwa jembe? Wengi hujibu kwamba ni israfu, na jibu lao hutiwa nguvu na habari za meli kubwa za watalii zinazotia nanga Zanzibar na Dar es Salaam, ambazo nauli yake mkulima hawezi hata kuiota. Mimi nasadiki kwamba jibu hilo si sawa. Sisi wa nyanda za juu za Kigoma tunakaa mwendo usiozidi siku moja kutoka Ziwa Tanganyika, lenye urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina cha mita 1,470, la pili kwa kina duniani kote. Wageni hutoka Ulaya kwa gharama kubwa kuja kulitazama, ilhali wapo wazee wetu waliofariki dunia bila kuliona, isipokuwa siku walipopelekwa hospitali mjini Kigoma.

Ziwa hilo lina meli ambayo kila mtoto wa mkoa huu yampasa kuijua habari yake. Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwa jina la Graf von Goetzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imelifikia ziwa, kisha ikaungwa upya na kushushwa majini mwezi wa Februari 1915. Vita vilipokuwa vikiendelea ikatiwa mizinga. Julai 1916 Wajerumani, walipokuwa wakirudi nyuma, waliizamisha kwa mikono yao wenyewe karibu na mlango wa Malagarasi, mto uleule unaopita huku juu kwetu. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza umri mpya kwa jina ililo nalo sasa. Tangu hapo chombo kilichowahi kubeba mizinga kikawa chombo cha wachuuzi, wavuvi, mama wenye watoto mgongoni na wasafiri wa kila taifa, na mwaka 2015 kikawachukua kutoka kijiji cha Kagunga wakimbizi wa Burundi waliokuja kuwa majirani zetu kambini Nyarugusu. Kwa miaka mingi kiliondoka Kigoma Jumatano alasiri na kufika Mpulungu, Zambia, siku ya Ijumaa, kila baada ya wiki mbili, hata kikasimama kungojea matengenezo makubwa.

Sasa niseme ninaloliamini katika jambo hili la iktisadi. Watu hudhani kwamba gharama ya safari ya ziwa ni nauli, na kwa hiyo hutumia akili zao zote katika kupunguza nauli. Lakini mtu wa Kasanda anayekwenda kupanda meli hana budi kupita Kibondo na Kasulu kwa basi, na ingawa barabara ya lami ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, yenye kilomita 260 na ushei, imetupunguzia adha ya vumbi na matope, nauli ya basi ni ya kwenda na kurudi, kwa kila kichwa. Akifika Kigoma akaambiwa kwamba meli imechelewa, ndipo masurufu yake yanapoanza kuyeyuka: chumba cha wageni, chai ya asubuhi, chakula cha mchana, vocha ya simu ya kuwaarifu waliobaki nyumbani, na soda za watoto wanaolia kwa uchovu. Siku za kungoja gatini zinaweza kula fedha kuliko safari nzima ya majini, wala hazimpi mtu raha hata kidogo. Kwa sababu hiyo, atakaye kuweka akiba na aanze kwa kupata hakika ya siku ya kuondoka kabla hajafunga mzigo, tena kwa kuuliza bandarini kwenyewe, wala si kwa kusikia kwa mtu aliyesikia kwa mtu.

Juu ya daraja la kusafiria, nina rai isiyokubaliwa na marafiki zangu wote. Wapo wanaosema kwamba daraja la tatu latosha, maadamu meli ni moja na maji ni yaleyale. Kwa kijana mwenye afya, hoja hiyo yakubalika. Lakini aliyefuatana na mzazi mzee au mtoto mchanga akawalaza juu ya sakafu baina ya magunia, kisha akatumia alichookoa kwa bia na nyama ya kuchoma, huyo hakuweka akiba. Amehamisha raha ya wanyonge akaitia tumboni mwake. Kitanda ni cha kulipiwa kwanza, na mengine yafuate. Hata katika zile meli kubwa za kitalii za ng'ambo, wasafiri wenye busara huchagua chumba kisicho na dirisha, ambacho bei yake ni nafuu, kwa kuwa mchana kutwa wako nje juu ya sitaha. Na waliozizoea husema kwamba kinachowamaliza watu humo ni vinywaji, intaneti, picha na matembezi ya pwani, vitu vinavyolipiwa kidogo kidogo baada ya tiketi.

Chakula kichukuliwe nyumbani kadiri kinavyoweza kudumu: muhogo uliochemshwa, karanga, mayai, ndizi, na maji ya kutosha. Blanketi nalo lisisahauliwe, kwani kuanzia Mei hadi karibu Septemba upepo wa kusini-mashariki hulichafua ziwa, na usiku wa sitaha huwa na baridi ambayo hata sisi wa milimani tunaiheshimu.

Ama raha yenyewe, sehemu yake kubwa haina bei. Katika vituo vingi vya mwambao hapana gati; meli husimama mbali na ufuko na kupiga honi, na katika giza la usiku, mahali kama Lagosa, huonekana taa ndogo ndogo zikitikisika juu ya maji, kisha mitumbwi ya mbao inajibana ubavuni mwa meli, makasia yanagongana, mama mmoja anapandishwa kwa kushikwa mikono yote miwili, mtoto wake anafuata akipokewa hewani, na nyuma yao kapu la samaki wakavu, mananasi, kuku waliofungwa miguu na godoro lililokunjwa; wa juu wanapiga kelele, wa chini wanajibu, na baharia mlangoni anaamuru kwa sauti ambayo hakuna anayeitii na bado kila mzigo unafika unakotakiwa. Hakuna tiketi ya kuliangalia jambo hilo. Msafiri aliyeegemea ukingo na kikombe chake cha chai amepata tamasha ambalo wageni hulivukia bahari.

Tena safari ya ziwa yaweza kujilipia yenyewe, kwa desturi iliyokuwapo tangu enzi za misafara ya Ujiji. Debe mbili tatu za maharage ya Kasulu, zikipelekwa katika vijiji vya wavuvi vilivyobanwa baina ya mlima na maji, hupata wanunuzi. Na dagaa wa kurudi nao huuzwa sokoni kwetu kwa bei ya juu kuliko ya ufukoni. Sharti ni kuuliza bei mapema na kujua kalenda ya uvuvi: mwaka 2024 ziwa lilifungwa tangu 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana, na katika muda wa namna hiyo mwenye kutumainia dagaa hurudi mikono mitupu. Atakaye kushukia hifadhi ya Mahale naye akumbuke kwamba raia hulipa kiingilio kwa shilingi, sehemu ndogo tu ya dola wanazotozwa wageni.

Lakini pana akiba moja ambayo ni haramu, nayo ni ile inayowekwa juu ya roho za watu. MV Bukoba ilizama Ziwa Viktoria tarehe 21 Mei 1996 na MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018, na vyombo vyote viwili vilikuwa vimejaza watu kupita kiasi. Mtumbwi uliojaa hadi maji kukaribia ukingo usipandwe, hata kama mwenye nao anachukua nusu ya nauli, hata kama jua linazama na mtumbwi mwingine hauonekani.

Serikali imetenga mabilioni ya shilingi kwa ajili ya kuifufua Liemba, na jambo hilo twalishukuru kwa dhati. Ombi letu sisi wa nyanda za juu ni jepesi na halihitaji mabilioni: ratiba ya meli za Ziwa Tanganyika ibandikwe katika stendi za mabasi za Kakonko, Kibondo na Kasulu wiki mbili kabla ya kila safari, pamoja na nauli ya kila daraja kwa shilingi, na ikibadilika, tangazo la mabadiliko libandikwe palepale siku ileile.