Vumbi la Mawe Linyweshwe Maji

Ndugu wakulima wa Borabu,

Wengi wetu tuna jamaa huko Tabaka, na kijana akikosa kazi shambani huenda kuchonga mawe. Kazi hiyo ni njema, huleta karo na fedha za mbolea. Lakini vumbi lake twalionaje? Watu husema, "Nikioga litatoka." La mwilini hutoka. Lililovutwa kifuani hubaki, na madhara yake huonekana baada ya miaka mingi.

Mimi ni karani, si daktari, lakini jambo hili lajulikana. Mawe hayo, ingawa ni laini, yana silika ndani yake. Chembe ndogo zisizoonekana kwa macho huingia mapafuni na kuacha makovu. Ugonjwa huo ni silikosisi. Hauponi, na mwenye nao hushikwa na kifua kikuu upesi kuliko wengine.

Kinga ya vumbi ni maji. Huko California, Marekani, lilikuwako ziwa la chumvi liitwalo Owens. Mwaka 1913 mji wa Los Angeles ulianza kuchukua maji ya mto wake, na kufika 1926 ziwa lilikuwa limekauka. Upepo ukapeperusha vumbi la chumvi na arseniki, likawa hatari kwa vifua vya wenyeji. Mwishowe mji ulilazimishwa kutoa maji, na tangu 2001 sehemu za ziwa hilo hufunikwa maji ili vumbi litulie.

Hata hapa kwetu mfano upo. Akina mama wa Tabaka husugua vinyago kwa msasa ndani ya beseni la maji, na vumbi halipandi. Basi kwa nini mwenye msumeno na mwenye patasi wafanye kazi kavu? Maoni yangu ni kwamba jiwe lilowekwe kabla ya kukatwa, na limwagiwe maji kazi ikiendelea. Mtasema maji ni mbali. Lakini Kisii haikosi mvua: wachongaji na wachange wanunue tangi, mabati ya vibanda yakinge maji.

Kitambaa puani hakizuii chembe ndogo. Tena mtu asichongee nyumbani alalapo mtoto, wala asifagie vumbi kavu.

Mzazi, kijana akienda Tabaka, mpe neno hili pamoja na nauli.