MABAKI YA SHAMBA NI MALI YA NANI?



Jioni soko la Tunduma linapofungwa, maganda ya matunda hufagiliwa kama takataka. Shambani nako, shina la nanasi hung'olewa na kutupwa baada ya mavuno. Tumezoea kuviita vitu hivyo uchafu. Je, ndivyo vilivyo?

Ndani ya shina hilo mna kimeng'enya kiitwacho bromelaini, chenye uwezo wa kuyeyusha protini. Mwezi Desemba 2012 Umoja wa Ulaya uliidhinisha dawa ya majeraha ya moto itokanayo na mashina ya nanasi. Marekani ikafuata mwaka 2022. Dawa hiyo huondoa nyama iliyokufa na kupunguza haja ya kisu cha daktari. Sisi ambao watoto wetu huungulia mafigani twaijua thamani ya jambo hilo.

Lakini nani atafaidika? Historia yatuonya. Katika miaka ya 1950 mabaki ya mkonge wa Afrika Mashariki yalitoa hekojenini, ambayo kampuni ya Glaxo iliigeuza huko Uingereza kuwa kotisoni. Mkonge ulitoka katika ardhi yetu, na jasho lilikuwa la manamba, baadhi yao kutoka nyanda hizi za kusini. Elimu na kiwanda vilikuwa ng'ambo, na faida ikakaa huko huko.

Sisemi kwamba mtu apake nanasi kidondani. Mwaka 2008 Marekani iliamuru dawa za kupaka zenye papaini, kimeng'enya cha utomvu wa papai, ambazo hazikuwa na idhini, ziondolewe sokoni, kwa kuwa zilidhuru baadhi ya wagonjwa. Dawa yahitaji usafi, vipimo na wataalamu.

Tunaloweza kulianza ni hatua ya kwanza: kutenga mabaki, kuyakamua kabla hayajaoza, na kuyakausha pasipo joto kali, kwa maana joto huua kimeng'enya. Vyama vya ushirika vidai mafunzo hayo kutoka SIDO na vyuo vyetu vikuu, na vijana wasio na kazi wawe wa kwanza kufundishwa.

Viongozi wa jumuiya, lijadilini jambo hili sasa. Siku mnunuzi atakapokuja kuomba mashina "ya kutupa", akute bei yake imekwisha kupangwa na wakulima wenyewe.