Gari la wazi la kizamani kutoka ng'ambo: hesabu za kufanya kabla ya kutuma fedha

Wiki mbili zilizopita, katika kipindi chetu cha asubuhi, ilipigwa simu kutoka Manyoni. Mpigaji alikuwa mwalimu mstaafu. Baada ya shikamoo na marahaba akaingia moja kwa moja kwenye hoja: "Mwanangu, mafao yangu yametoka. Nimeona kwenye simu gari la wazi, la mtindo wa zamani, linauzwa ng'ambo. Nataka liwe gari la maharusi hapa Singida. Wanasema paa lake halivuji. Nitume hela?"

Zilikuwa zimebaki dakika tatu twende kwenye taarifa ya habari. Dakika tatu hazitoshi kumjibu mtu anayetaka kuweka kiinua mgongo chake kwenye kitu ambacho hajakigusa kwa mkono. Makala haya ni jibu lake, na ni jibu kwa wengine wengi waliotuma ujumbe baada ya simu ile wakiuliza jambo hilo hilo.

Ni gari gani hasa?

Kwanza tutofautishe. Gari la kizamani halisi ni lile lililotengenezwa miaka hiyo ya zamani. Nakala ni gari lililoundwa baadaye kwa sura ya lile la zamani. Wauzaji wengi mtandaoni huyachanganya haya mawili, na kwa mnunuzi wa Tanzania tofauti yake ni fedha nyingi.

Ziko aina tatu zinazojitokeza mara kwa mara. Ya kwanza ni Nissan Figaro ya Japani. Si nakala ya gari lolote mahususi, ila ilibuniwa kwa sura ya magari ya zamani. Zilitengenezwa 20,000 tu, mwaka 1991, kwa injini ndogo ya cc 987. Paa lake la kitambaa hukunjwa nyuma, lakini nguzo na fremu za madirisha hubaki mahali pake.

Aina ya pili ni magari ya kampuni ya Mitsuoka, pia ya Japani. Himiko yao, iliyoanza kuuzwa 2008, ina sura ya magari ya michezo ya Uingereza ya zamani, lakini chini yake ni Mazda MX-5. Aina ya tatu ni nakala za Porsche 356 Speedster zinazoundwa Marekani, Kanada na Brazil. Bodi yake ni ya faiba, na nyingi zimejengwa juu ya chasisi na injini za Volkswagen Beetle. Hizi mara nyingi usukani wake uko kushoto, wakati sisi tunaendesha upande wa kushoto wa barabara na magari yetu yana usukani kulia. Dereva wa usukani wa kushoto akitaka kulipita lori katika barabara ya Singida kwenda Nzega, abiria ndiye anayeona mbele kabla yake.

Kikokotoo cha pili

Mwalimu amekwishapambana na kikokotoo cha mafao, kile kilichozua mjadala bungeni na mitaani mpaka malipo ya mkupuo yakapandishwa kutoka asilimia 33 kwenda 40 mwaka 2024. Sasa anakutana na kikokotoo cha pili, cha Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA.

Tanzania haikatazi gari kuukuu kama wafanyavyo majirani. Kenya haipokei gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane. Uganda ilipitisha sheria mwaka 2018 kuzuia yaliyozidi miaka 15. Sisi tunaliruhusu liingie, lakini tunalitoza kwa uzee wake. Kwa gari dogo la kutembelea lenye miaka minane hadi kumi, kuna nyongeza ya ushuru wa bidhaa ya asilimia 15. Likizidi miaka kumi, nyongeza ni asilimia 30.

Tufanye hesabu kwa mfano rahisi. Tuseme Figaro ya 1991 imekadiriwa na TRA kuwa na thamani ya shilingi milioni 10, ikiwa ni pamoja na usafiri wa meli na bima hadi Dar es Salaam. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani milioni 2.5. Sasa tuko milioni 12.5. Kwa kuwa injini haizidi cc 1,000, ushuru wa bidhaa wa injini ni sifuri. Lakini ushuru wa uzee, asilimia 30 ya milioni 12.5, ni milioni 3.75. Jumla inafika milioni 16.25. Juu yake kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, ambayo ni milioni 2.925.

Jumlisha kodi hizo tatu: shilingi 9,175,000. Bado hatujagusa tozo ya reli, ada ya forodha, gharama za bandari, wakala, usajili, bima na mafuta ya safari ya takriban kilomita 700 kutoka Dar es Salaam hadi Singida. Kwa maneno mengine, gari la milioni 10 linahitaji milioni nyingine 10 na ziada kabla halijapigwa picha mbele ya Ziwa Singida.

Hapa wengi hukwama. Mtu huuza ng'ombe, hutuma bei ya gari, halafu gari linakaa bandarini kwa sababu hela ya kodi haipo. Kila siku linayolala pale inaongeza gharama za uhifadhi.

Jambo jingine la kujua ni kwamba kodi haifuati lazima bei uliyonunulia. TRA ina mfumo wake wa kuthamini magari yaliyotumika. Hata ukilipata kwa bei ya kutupa, kodi itahesabiwa kwa thamani iliyo kwenye mfumo. Kwa Toyota IST au Noah, kikokotoo kilichopo kwenye tovuti ya TRA kitakupa jibu kwa dakika moja. Kwa gari la nadra ambalo halimo kwenye orodha, ofisa forodha atalazimika kutumia njia nyingine za uthamini zilizowekwa na Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004. Hapo ndipo makadirio yako ya nyumbani yanapoweza kupishana na yao kwa mamilioni.

Nakala ina miaka mingapi?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote. Bodi ya faiba imetengenezwa 2015, injini ni ya 1995, chasisi ni ya Beetle ya 1968. Gari hilo lina umri gani? Katika nchi nyingi jibu hutoka kwenye namba ya chasisi na kadi ya usajili. Nakala nyingi za Marekani husajiliwa kwa mwaka wa Beetle iliyotoa chasisi. Uingereza, gari lililoundwa kwa vipande ambavyo umri wake haujulikani hupewa namba inayoanza na herufi Q.

Kwa hiyo muuzaji akikuambia "hili ni jipya kabisa", mwombe nakala ya kadi ya usajili au hati ya kufutwa usajili, na picha ya namba ya chasisi ikiwa imechapwa kwenye chuma. Mwaka ulio kwenye karatasi hizo ndio utakaokufuata bandarini. Ukisema 2015 na karatasi ikasema 1968, karatasi ndiyo itakayosikilizwa.

Halivuji, lakini wapi?

Tuje kwenye neno lililomvutia mwalimu: halivuji. Baadhi ya magari ya wazi ya zamani halisi hayakuwa na vioo vya kupandisha. Yalikuwa na vipande vya plastiki vya kubandika mlangoni. Nakala nzuri za siku hizi zina vioo vya kawaida, mipira ya kuzuia maji na paa la tabaka mbili. Hilo ni kweli na ni faida.

Lakini Singida si London. Mvua zetu huanza mwishoni mwa Novemba na kwisha Aprili, nazo huja kwa kishindo. Miezi mingine ni jua kali, upepo na vumbi. Upepo wetu ni wa kutosha hata wawekezaji wameuwekea mipango ya umeme kwa miaka mingi. Jua hukausha mipira mpaka ikapasuka, na plastiki ya kioo cha nyuma hugeuka njano. Vumbi hujaa kwenye vitundu vya kutolea maji kando ya paa. Mvua ya kwanza ya Desemba inapopiga, maji hayana pa kutokea, yanashukia kwenye kapeti na nyaya za umeme. Gari lililopita jaribio la mvua ng'ambo linaweza kushindwa hapa baada ya kiangazi kimoja.

Spea nazo ni hesabu yake. Fundi wa gereji ya Singida mjini ataifungua injini ya Toyota akiwa amefumba macho. Mpira wa paa la Figaro hana, na muuza spea wa Kariakoo naye huenda asiwe nao. Utauagiza ng'ambo, utalipia usafirishaji, na harusi ya Jumamosi itapita gari likiwa juu ya mawe.

Njia ya mkato ya barabarani

Kila siku wakazi wa Manyoni, Ikungi, Singida mjini, Iguguno na Shelui huona magari ya IT yakipita kutoka bandarini kwenda Rwanda, Burundi, Kongo na Uganda. Ukisikia mtu anakunong'oneza kwamba moja linaweza "kubaki" hapa kwa bei nafuu, kimbia. Magari hayo hayajalipiwa kodi ya Tanzania. Yanapita chini ya dhamana ya forodha. Likikamatwa mikononi mwako, utapoteza gari na fedha, na kesi itakusubiri.

Je, litarudisha hela?

Tuseme gari limefika Singida kwa jumla ya milioni 22, na kila harusi inakuachia 200,000 baada ya mafuta na dereva. Utahitaji harusi 110 kurudisha mtaji. Kwa harusi 30 kwa mwaka, ni karibu miaka minne, bila kuhesabu matengenezo. Harusi zetu nazo zina msimu: hushamiri baada ya mavuno ya alizeti na vitunguu, hupungua wakati wa Kwaresima na Ramadhani. Kumbuka pia kwamba gari la kukodisha linatakiwa kuwa na usajili wa biashara na namba nyeupe, si namba ya njano ya gari binafsi.

Kama bado moyo unalitaka, fuata mpangilio huu. Anza na wakala wa forodha mwenye leseni, umwombe apate makadirio ya kodi kwa namba ya chasisi kabla hujalipa chochote. Waulize TBS utaratibu wa ukaguzi wa ubora kwa nchi unayonunulia. Muuzaji wa Japani, angalia kama ni mwanachama wa JUMVEA, umoja wa wauzaji wa magari yaliyotumika wa nchi hiyo. Fedha zitumwe kwenye akaunti yenye jina la kampuni, iliyo kwenye ankara. Ukiambiwa utume kwa jina la mtu, au kwa benki ya nchi nyingine, simama hapo hapo. Na viwango vya kodi vihakiki upya kila baada ya bajeti ya Juni.

Mwalimu nilimpigia simu baadaye, nje ya hewa, tukapitia hesabu hizi pamoja. Alikaa kimya kidogo, akauliza kama nusu ya fedha zile ingetosha kununua gari la kawaida lililokwisha kulipiwa kodi, apambe kwa maua na riboni. Nikamwambia inawezekana, na fundi wake yuko Manyoni hapo hapo. Akasema atazungumza na mama nyumbani kwanza. Huo ndio uamuzi bora kuliko yote niliyoyasikia juma hilo.