Mchezo Unaokubali Kukatizwa

Aghalabu mjadala kuhusu michezo ya video katika vyuo vikuu vya Kenya huanzia kwenye lawama na kuishia papo hapo. Mzazi hulalamikia karo inayogeuka kuwa usiku wa kukesha. Mhadhiri hulalamikia vichwa vinavyoinamia rununu mhadhara ukiendelea. Naye mwanafunzi, akiulizwa, hujitetea kwa kusema kuwa hiyo ni burudani tu, kana kwamba burudani ni jambo lisilohitaji kufikiriwa. Pande zote hizi huichukulia michezo ya video kuwa kitu kimoja kisicho na aina wala tabaka. Ni sawa na mtu kutaja vitabu pasi na kutofautisha kamusi, riwaya na kitabu cha risiti. Swali linalostahili kuulizwa ni jingine kabisa: mtu ambaye siku yake imekatwakatwa vipande achague mchezo gani, ili umdumu bila kumla?

Ratiba yenyewe ndiyo inayostahili kutangulia. Mwanafunzi wa Kenya ni nadra kuwa na saa tatu zilizoshikana. Mhadhara wa saa mbili asubuhi huahirishwa hadi saa kumi kwa kukosekana kwa ukumbi; foleni ya kupiga chapa kazi ya muhula hula saa nzima; matatu hukwama Thika Road. Yupo anayefundisha watoto wa jirani jioni ili apate nauli, na yupo anayelea mtoto wake mwenyewe huku akiandika tasnifu. Walimu wanaosomea shahada wakati wa likizo wana mashamba na familia zinazowangoja. Tena kuna umeme. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipotea karibu nchi nzima, hata uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi ukaingia gizani. Na hiyo ni kabla ya kuhesabu kukatika kwa umeme kwa kawaida ambako hakuandikwi magazetini. Kinachosalia mikononi mwa mtu wa namna hii ni dakika kumi na mbili hapa, ishirini kule, na hata hizo hana hakika kwamba zitatimia.

Mtu wa namna hiyo akitafuta mchezo utakaodumu, ushauri anaoupata kwa kawaida ni kuhesabu saa. Mchezo wa saa mia moja, huambiwa, una thamani kuliko wa saa kumi. Ushauri huu hauna mashiko. The Witcher 3, mchezo wa mwaka wa 2015 uliotungwa nchini Poland kutokana na ulimwengu wa vitabu vya Andrzej Sapkowski, husimulia kisa kinachochukua makumi ya saa, chenye wahusika wengi, fitina za wafalme na ahadi zinazotolewa mwanzoni na kudaiwa mwishoni. Ni kazi nzuri kwelikweli. Hata hivyo, mchezaji anayeuacha majuma matatu kwa sababu ya mitihani hurejea akiwa hamkumbuki nani alimsaliti nani, wala kidole chake hakikumbuki kitufe cha kujikinga. Huanza upya, huachia tena palepale, na mchezo wa saa mia moja hugeuka kuwa mchezo wa saa nane zilizorudiwa mara nne.

Mwanafunzi wa fasihi anao mfano wa karibu. Utenzi mrefu wa kisimulizi hudai pumzi ndefu. Msomaji akikatizwa kila beti tano, matukio humponyoka. Diwani ya tarbia haina sharti hilo. Kila shairi huchukua dakika chache, hukamilika lenyewe, na bado diwani moja yaweza kumfaa mtu maisha yake yote. Urefu, basi, si udumifu. Tetris, ambao Alexey Pajitnov aliubuni Moscow mwaka wa 1984, hauna kisa hata kimoja, na ungali unachezwa. Vivyo hivyo na ule mchezo wa nyoka ambao Taneli Armanto aliutayarishia Nokia 6110 mwaka wa 1997, na ambao ulikuwa mchezo wa kwanza wa kielektroniki kwa Wakenya wengi, aghalabu katika simu ya mjomba au ya shangazi iliyoazimwa kwa dakika chache. Nyoka yule hakumdai mtu kumbukumbu yoyote.

Sifa ya kwanza ya kuangaliwa, kwa hiyo, ni iwapo mtambo wenyewe unakubali mchezo uachwe. Hapa pana tofauti ambazo muuzaji hazitaji. League of Legends, uliotoka mwaka wa 2009, huwakutanisha watu kumi, watano kwa watano, katika pambano ambalo mara nyingi hufikia nusu saa au zaidi. Haliwezi kusimamishwa na mmoja wao, na anayetoka kabla ya mwisho huadhibiwa, kwa kuwa amewatupa wenzake wanne. Adhabu hiyo ni ya haki. Lakini mtu anayejua kuwa huenda umeme ukakatika saa yoyote hana haki ya kuingia katika ahadi ya namna hiyo, kama vile asivyopaswa kukubali zamu ya kuongoza kikao ilhali anajua ataondoka katikati.

Stardew Valley ni mfano wenye utata zaidi, na kwa hivyo wenye mafunzo zaidi. Ulitoka mwaka wa 2016, ukiwa kazi ya mtu mmoja, Eric Barone wa Marekani. Mchezaji hurithi shamba la babu, akalima, akafuga, akavua samaki na kujuana na wanakijiji. Mwaka wake una misimu minne, kila msimu siku 28, na siku moja huchukua takribani dakika 14 za saa ya ukutani. Kwa mtazamo wa kwanza, huu ndio mchezo uliokatwa kwa kipimo cha vipindi vya mwanafunzi. Ila katika tarakilishi kazi ya siku huhifadhiwa pale tu mhusika anapolala. Umeme ukipotea saa kumi jioni ya shambani, mtambo usiokuwa na betri huifuta siku nzima: mbegu zilizopandwa, samaki waliovuliwa, vyote. Katika toleo la rununu, lililoanza kupatikana mwaka wa 2018 kwa simu za Apple na mwaka wa 2019 kwa zile za Android, mchezaji aweza kutoka katikati ya siku na kurejea palepale. Mchezo ni uleule, shamba ni lilelile. Kinachobadilika ni ruhusa ya kuondoka. Anayenunua toleo la tarakilishi kwa sababu kioo chake ni kikubwa amepima jambo lisilo muhimu kwake.

Haya si mageni kwa watu wa pwani. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na hali yote ya mchezo imelala juu ya ubao. Wachezaji wakiitwa na adhana, au mmoja akiitwa na mteja, hurejea na kuzikuta kete zao. Kinachohitaji kukumbukwa ni kidogo mno: zamu ni ya nani, na iwapo nyumba ya kila mmoja imekwisha kutumiwa au ingali nyumba. Sataranji ina sifa hiyohiyo, na kwa miaka mingi mashindano makubwa yalikuwa na utaratibu rasmi wa kuahirisha mchezo. Mchezaji aliandika hatua yake ya mwisho kwa siri, ikatiwa katika bahasha na kufungwa hadi kesho yake. Mchezo wa 21 kati ya Bobby Fischer na Boris Spassky, huko Reykjavik mwaka wa 1972, uliahirishwa hivyo. Spassky hakurudi mezani, alipiga simu siku iliyofuata kukiri kushindwa, na Fischer akawa bingwa wa dunia kwa mchezo uliomalizikia kwenye waya wa simu. Leo sataranji ya barua imehamia mtandaoni. Katika Lichess, ambako hakulipwi chochote, wawili waweza kukubaliana kuwa kila hatua ipewe siku kadhaa. Hatua moja wakati wa chai, nyingine ndani ya matatu. Ni vigumu kutaja mchezo unaomfaa zaidi mwanafunzi asiye na fedha wala wakati.

Hata hivyo, mtambo kukubali ni nusu ya jambo. Nusu ya pili ni akili ya mchezaji. Sophie Leroy, mtafiti wa tabia za watu kazini, alichapisha mwaka wa 2009 makala kuhusu kile alichokiita masalio ya umakini: mtu anayehamia kazi ya pili kabla ya kuifunga ile ya kwanza huenda na sehemu ya ile ya kwanza akilini, na kazi ya pili huathirika. Kinachoitwa kufanya mambo mengi kwa wakati mmoja, mara nyingi ni kurukaruka tu baina ya mambo hayo, na kila mruko una ushuru wake.

Kwa kipimo hiki, Civilization wa Sid Meier, ulioanza mwaka wa 1991, haupiti, japo kwa kipimo cha mtambo ungepewa alama zote. Mchezaji huanza na watu wachache mwaka wa 4000 kabla ya Kristo na kuwaongoza hadi enzi za roketi. Huchezwa kwa zamu. Hakuna kinachosonga mpaka yeye aamue. Waweza kuhifadhiwa wakati wowote. Lakini umefumwa kwa namna ambayo kila zamu huacha jambo moja likikaribia kukamilika. Mji huu unabakisha zamu mbili kumaliza ghala, wataalamu wanabakisha zamu tatu kuvumbua uandishi, na jeshi limefika mlangoni pa adui. Hakuna mahali ambapo nyuzi zote zinakatika pamoja. Mtu huufunga mchezo kwa mkono, akaingia mhadharani na vita vikiwa bado kichwani. Wapenzi wa mchezo huu wenyewe hutania juu ya ile zamu moja zaidi inayowafikisha alfajiri. Wengi wao husema hivyo kwa fahari.

Slay the Spire, mchezo wa karata uliokamilika mwaka wa 2019, umejengwa kinyume cha hayo. Mchezaji hupanda mnara, chumba baada ya chumba. Pambano moja huchukua dakika chache, nayo hali ya mchezo huhifadhiwa kila anapoingia chumba kipya. Adui akishindwa, jambo hilo limekwisha, hakuna deni. Pumziko halimwibi mchezaji kitu, kwa sababu karata alizonazo zimeorodheshwa na nia ya adui imechorwa juu ya kichwa chake, hivyo aliyerejea baada ya mwezi huhitaji dakika moja tu kusoma hali. Na haumaliziki upesi: una wahusika wanne wa kuchagua na viwango 20 vya ugumu vya kupanda baada ya ushindi wa kwanza. Hapa ndipo dhana ya udumifu inapopata maana yake. Mchezo hudumu kwa wingi wa mambo yanayoweza kutokea ndani ya nafasi ndogo, kama ilivyo kwa mizani nane na vina viwili vilivyowatosha malenga karne nzima.

Lipo kundi jingine ambalo hujifanya rafiki wa mwenye shughuli, na hili ndilo la kuogopwa. Candy Crush Saga, wa mwaka wa 2012, hupakuliwa bure na kila hatua yake ni fupi. Mchezaji ana uhai mara tano; akiumaliza, hungoja nusu saa ili arudishiwe mmoja, au alipe. Kijuujuu, mpango huo humlazimisha mtu kupumzika. Kwa hakika humpangia miadi. Kila baada ya nusu saa kuna jambo linalomngoja, na rununu haichelewi kumkumbusha. Michezo mingi ya simu iliyofuata imeongeza zawadi za kila siku zinazopotea kwa asiyefika. Tofauti hapa ni ya msingi: kuna mchezo unaokubali kukatizwa, na kuna mchezo unaokatiza. Wa kwanza hukaa kimya mpaka uitwe. Wa pili huita. Mwanafunzi anayeandika sura ya pili ya tasnifu huku rununu ikimtangazia kuwa uhai wake umerejea, hachezi katikati ya kazi. Anafanya kazi katikati ya mchezo.

Watetezi wa kandanda ya PlayStation watadai kwamba wao wamesahauliwa. La hasha. Kibandani, ambako mteja hulipia kila mechi, mchezo una mwisho unaojulikana na watu wanaongoja zamu, na mambo hayo mawili humtoa mtu kitini kuliko nidhamu yoyote. Chumbani, ambako hakuna anayengoja, mechi moja huzaa nyingine. Anayependa kandanda lakini hana saa atafaidi zaidi Football Manager, ambamo yeye ni kocha: waweza kuachwa siku kumi, ukachezwa robo saa, na msimu ukasonga huku nguo zikilowa kwenye beseni.

Lililobaki ni la wanaisimu. Wanafunzi husema wamesevu, wamepozi, wametoka, na mara nyingi neno moja hubeba maana zote tatu, jambo linalowafanya wengine wapoteze kazi ya jioni nzima wakidhani imehifadhiwa. Kusitisha ni kuufanya mchezo ungoje huku mtambo ukiwa unawaka. Kuhifadhi ni kuiandika hali yake mahali ambapo giza haliwezi kuifuta. Kuulaza mtambo, kama wafanyavyo wenye tarakilishi za mapajani wanapofunga kifuniko, ni kitu cha tatu, na hutegemea betri. Kuahirisha, kwa maana ya bahasha ya Reykjavik, ni cha nne, kwani huhitaji ridhaa ya mpinzani. Kamusi za Kiswahili zina vitenzi hivi vyote; hakuna aliyeketi kuvigawia kazi katika uwanja huu, ilhali wanaovihitaji wanakaa katika kumbi zilezile ambamo istilahi za isimu zinafundishwa.